Jochen Rindt na bawa la nyuma: bingwa aliyepewa taji akiwa kaburini

Mu mbio za magari za Formula 1, tangu zianze mu 1950 mpaka leo, kuko mutu mumoja tu aliyepata ubingwa wa dunia akiwa amekwisha kufa. Jina lake ni Jochen Rindt. Alikufa siku ya posho, tarehe 5 mwezi wa tisa 1970, kule Monza mu Italia, akiwa na miaka 28. Vijana wanaopenda mbio wanajua Senna, wanajua Schumacher, lakini ukiwatajia Rindt wanakutazama tu. Na wale wachache wanaomujua wanasimulia kifo chake kwa kifupi mno: eti alitoa bawa la nyuma ya gari yake, gari ikakosa kushika barabara, akafa. Habari haiko fupi vile. Bawa lenyewe lilikuwa karibu kumuua mwaka mumoja mbele ya pale, na yeye alikuwa kati ya mashofere waliolipigia kelele sana.

Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa ine 1942 mu muji wa Mainz, Ujerumani. Baba yake alikuwa Mujerumani mwenye kinu cha kusaga viungo vya chakula. Mama yake, mwanasheria, alitoka Austria. Mutoto hakufikisha hata mwaka mumoja na nusu: mwezi wa saba 1943 ndege za vita ziliteketeza Hamburg kwa mabomu, na baba na mama, waliokuwa kule, wakafa wote wawili. Wazazi wa mama yake walimuchukua, wakamulea kwao Graz, mu Austria. Ndiyo sababu maisha yake yote alikimbia kwa lisansi ya Austria, hata kama kwa karatasi alibaki Mujerumani, na watu wa Austria mpaka leo wanamuhesabu mutoto wao.

Mashule ilimuchoka mapema. Alipenda pikipiki, alipenda kuteleza juu ya teluji, alipenda kila kitu kinachoweza kuvunja mifupa ya mutu. Urithi wa kinu cha baba uligeuka gari: alinunua Brabham ya Formula 2 kwa feza yake mwenyewe, akaenda nayo Uingereza mu 1964, ambako hakuna aliyemujua. Mwezi wa tano wa ule mwaka, mu uwanja wa Crystal Palace pale London, akamushinda Graham Hill, ambaye alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia. Kesho yake kila mutu wa mbio alikuwa anauliza huyu kijana ni mutoto wa nani.

Mwaka uliofuata akashinda Masaa 24 ya Le Mans, na ushindi ule uko wa kuchekesha kidogo. Yeye na Mumarekani Masten Gregory walikuwa na Ferrari 250 LM ya timu ya Marekani, gari iliyosumbua toka mwanzo mpaka wakaachwa mbali sana. Basi wakaamua kuikaza bila huruma, ivunjike wakalale. Haikuvunjika. Zile zilizokuwa mbele njo zilivunjika moja moja, na mwishowe hawa wawili wakajikuta wako wa kwanza. Ferrari ilingojea mpaka 2023 kushinda tena Le Mans.

Mu Formula 1 mambo hayakuenda mbio vile. Miaka mitatu na Cooper, gari nzito. Mwaka mumoja, 1968, na Brabham, ambako motere ilikuwa inakufa karibu kila wiki, akamaliza mbio mbili tu, zote mbili wa tatu. Mu ile miaka alimuoa Nina, binti ya shofere mumoja wa Finland, aliyekuwa anafanya kazi ya kuonyesha nguo za mode, na mu 1968 wakapata mutoto mwanamuke, Natascha. Watu wote wa mbio walikubali kama hakuna anayeendesha haraka kumushinda Rindt. Ushindi tu ndio haukuonekana.

Halafu Colin Chapman wa Lotus akamuita kwa mwaka 1969.

Chapman alikuwa muinjinia mwenye akili kali, na akili yake yote ilienda upande mumoja: kupunguza uzito. Kila chuma kilichozidi alikiondoa. Gari zake zilikuwa za haraka kupita zote, na zilikuwa zinavunjika kupita zote. Jim Clark, shofere mukubwa wa wakati ule, alikufa mu Lotus tarehe 7 mwezi wa ine 1968 kule Hockenheim. Rindt alijua ile yote. Kwa Jack Brabham alikuwa na gari nguvu na bosi aliyekuwa yeye mwenyewe shofere, mutu wa kufunga kila bulo mara mbili. Alipima, akaenda kwa Lotus.

Ni pale bawa linakuja karibu kumuua.

Mafundi wa garaji zetu wanaijua ile kitu, wanaiita eleroni. Mara mingi, juu ya gari ya mu muji, iko pambo tu, sababu kwa kilometa 60 kwa saa upepo hauna nguvu ya kukandamiza kitu. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara ine. Kwa kilometa 250, ni hesabu ingine. Bawa la ndege likikata upepo linainua ndege. Ukiligeuza, tumbo likae juu, linakandamiza. Gari inakuwa sawa imebeba mawe nyuma bila kubeba uzito wowote, mipira inashika barabara, shofere anapita mu kona na mwendo ambao bila bawa ungemutupa mu miti.

Muswisi mumoja, Michael May, aliweka bawa juu ya Porsche yake mu 1956. Wakubwa wa mbio wakamukataza. Miaka kumi nyuma, mu 1966, Jim Hall wa Texas akatoka na Chaparral 2E: bawa kubwa limesimama juu ya nguzo mbili ndefu, kupita kichwa cha shofere, na kipande cha kukanyagia kwa muguu wa kushoto cha kulilaza mu barabara iliyonyooka ili lisizuie mwendo. Nguzo zenyewe zilishikamana na vyuma vinavyobeba magurudumu ya nyuma, hazikushikamana na mwili wa gari. Ni werevu mukubwa: nguvu ya upepo inaenda moja kwa moja mu mipira, resori hazilali. Formula 1 ilifuata mu mwezi wa sita 1968, kule Spa mu Ubelgiji, wakati Ferrari na Brabham walipofika na mabawa nyuma. Mu miezi michache kila timu ilikuwa nayo, na kila timu ilikuwa inakata, inaunga, inaongeza. Hesabu za kweli zilikuwa kidogo. Walijaribu siku ya tano na kukimbia siku ya Mungu.

Lakini gurudumu linaruka kila mara barabara inapokuwa na bonde ao kilima. Nguzo iliyoshikamana na gurudumu inaruka nalo, na juu yake kuko bawa lenye kusukumwa na uzito wa watu kadhaa. Chapman, kwa desturi yake, alitengeneza nguzo nyembamba.

Tarehe 4 mwezi wa tano 1969, Grand Prix ya Uhispania ilikimbiwa mu bustani ya Montjuïc, Barcelona, kati ya vyuma vya kukinga barabara. Lotus ilikuja na mabawa yaliyoongezwa upana kwa ajili ya ile mbio. Rindt alikuwa amepata nafasi ya kwanza ya kuondoka na alikuwa anaongoza. Nyuma ya pale pa kuanzia kulikuwa kilima kidogo ambako gari inakuwa nyepesi, karibu kuruka, kisha inarudi chini kwa kishindo. Mu muzunguko wa 9, bawa la Graham Hill, mwenzake wa Lotus, likavunjika pale. Gari ikajipiga kwa chuma ya kando. Hill akatoka muzima.

Rindt aliendelea kuongoza. Mu muzunguko wa 20 bawa lake likakunjika karibu mahali pale pale, na gari yake ikaenda kugonga ile ya Hill iliyokuwa bado imelala kando ya barabara, kisha ikapinduka. Akatoka na pua iliyovunjika na kichwa kilichopigwa vibaya. Wangekaa watu pale ambapo vyuma na vipande vya bawa vilirukia, tungekuwa tunasimulia leo habari ya maiti mingi.

Akiwa bado anatunzwa, akashika kalamu. Kwa magazeti ya mbio aliandika barua ya wazi yenye kuomba mabawa yaondolewe. Hakuandika sawa mutu mwenye woga, aliandika sawa fundi. Alieleza kama bawa linafanya kazi vizuri wakati upepo ni safi, lakini nyuma ya gari ingine upepo unachafuka na shofere hajui tena ana uzito gani nyuma. Na kama bawa likivunjika, linavunjika wakati wa mwendo mukubwa, maana ni pale linapobeba zaidi, na pale shofere hana kitu cha kufanya. Kwa Chapman mwenyewe aliandika barua ya pembeni. Alimukumbusha kama gari za Lotus ziko za haraka kiasi kwamba kuongeza kilo chache kwa kukaza vipande vilivyo zaifu hakutazipunguzia ushindi, na kama yeye hawezi kuendesha vizuri gari asiyoiamini. Kwangu mimi, ile barua ya pili njo yenye uzito. Ile ya kwanza ilizungumuza juu ya bawa. Hii ilizungumuza juu ya tabia ya mutu.

Siku chache nyuma, kule Monaco, mazoezi yakiwa yamekwisha kuanza, wakubwa wa mbio wakakataza mabawa marefu, na saa zilizopatikana siku ile ya kwanza zikafutwa. Rindt hakuwa pale, alikuwa bado mugonjwa. Mabawa yalirudi mu majuma machache, lakini mafupi, na ya kufungwa ku mwili wa gari, si ku magurudumu tena. Sheria ile, tukisema wazi, iliandikwa na ajali za Barcelona, na mabawa ya nyuma unayoona leo mu televizio bado yanafuata njia yake. Rindt alirudi mu gari. Mwezi wa kumi 1969, kule Watkins Glen mu Marekani, akapata mwishowe ushindi wake wa kwanza wa Formula 1, na dola 50.000 za zawadi.

Mwaka 1970 Chapman alileta gari mupya kabisa, Lotus 72, iliyochorwa na Maurice Philippe. Haikufanana na kitu. Pua nyembamba sawa shoka, maji ya kupoza motere yalipitishwa kando badala ya mbele, na nyuma bawa la vipande vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari nzima ilichongwa kwa upepo. Ila freni za mbele hazikukaa tena ndani ya magurudumu: zilikaa katikati ya gari, na nguvu yake ilifika ku gurudumu kwa njia ya chuma ya murefu, ya muviringo, yenye tundu ndani ili isiwe na uzito. Kila mara shofere anapokanyaga freni, maisha yake iko juu ya ile chuma.

Mwanzoni gari ilisumbua, na Monaco, mwezi wa tano, Rindt alitumia ile ya zamani. Akashinda mu kona ya mwisho kabisa: Jack Brabham, bosi wake wa zamani, alikuwa anaongoza, akachelewa kukanyaga freni, akateleza ku majani makavu, Rindt akapita. Zandvoort mu Uholanzi, na 72 iliyorekebishwa, akashinda tena. Hakucheka siku ile. Rafiki yake Piers Courage alikuwa amekufa ndani ya moto mu mbio ile ile. Majuma matatu tu mbele, Bruce McLaren alikuwa amekufa kule Goodwood, kipande cha nyuma cha gari yake kilipong’oka mu mwendo. Nina alikuwa anamuomba aache. Yeye aliwaambia watu wa karibu kama akipata ubingwa ataacha.

Akashinda Ufaransa. Akashinda Uingereza, na pale bawa likarudi kumutafuta: kisha mbio, wapimaji walikuta bawa la nyuma la gari yake limepita kimo cha sheria, wakamufuta. Masaa machache nyuma wakakubali kama vyuma vya kulishika vilikuwa vimepinda, wakamurudishia ushindi. Akashinda Ujerumani, chini ya sekunde moja mbele ya Jacky Ickx wa Ferrari, yule Mubeleji aliyekuja kushinda Paris-Dakar mu 1983. Mbio ine mufululizo. Jumla ilikuwa pointi 45.

Mu Austria, nyumbani, motere ikamuacha. Lakini siku ile kulikuwa habari ingine, ambayo wengi hawakuitia maanani. John Miles, shofere wa pili wa Lotus, alitoka mu mbio mapema sababu chuma ya freni ya mbele ya 72 yake ilikuwa imekatika. Aliweza kuisimamisha gari.

Majuma matatu nyuma ilikuwa Monza. Mu 1970 Monza ilikuwa karibu barabara nyoofu tupu, bila vile vizuizi vilivyowekwa kisha. Kule bawa linalokusaidia mu kona linakurudisha nyuma mu kunyooka, na motere za Ferrari zenye silinda 12 zilikuwa na nguvu kupita Ford za Lotus. Rindt alijaribu kutoa mabawa yote, ya mbele na ya nyuma. Gari ikakimbia zaidi mu kunyooka, kiasi cha kilometa 330 kwa saa. Miles alijaribu vile vile na hakupenda: kwake gari ilikataa kwenda sawasawa. Rindt alisema kwake iko vizuri. Na hapa wasimulizi wanapenda kucheka, kama mutu aliyeandika juu ya mabawa anakufa siku aliyoyatoa. Lakini hakukuwa kinyume mu mawazo yake. Barcelona aliona ubaya wa kutegemea kitu kinachoweza kuvunjika. Monza alikitoa, akaitegemea mikono yake. Bado kulibaki kitu kingine cha kuvunjika.

Siku ya posho, mu mazoezi, Denny Hulme wa McLaren alimupisha, akamufuata mpaka karibu na kona ya mwisho, Parabolica. Rindt alipokanyaga freni, gari ikatikisika, ikakata kushoto, ikaingia mu chuma ya kando ya barabara. Chuma ile haikuwekwa vizuri. Pua ya Lotus ikapita chini yake na kugonga nguzo. Rindt alikuwa na desturi ya kutofunga mukaba wa kupita kati ya miguu, sababu alitaka kutoka haraka kama moto ukiwaka. Mwili uliteleza mbele na chini, na mukaba ukamukata ku shingo. Alitangazwa kufa wakati wa kupelekwa hospitali ya Milano. Miaka tisa mbele ya pale, mu 1961, Mujerumani Wolfgang von Trips, naye akiongoza ubingwa, alikuwa amekufa karibu na kona ile ile.

Uchunguzi wa Italia ulisema kama chuma ya freni ya mbele ya kuume ilikatika, na kama kilichomuua ni ile chuma ya kando iliyofungwa vibaya. Kwa hiyo bawa si lililomuua. Kama lingekuwa pale, gari ingekuwa na mwendo mudogo kidogo na kushika barabara zaidi. Wainjinia wamebishana juu ya ile miaka mingi, na mimi sioni faida ya kuendelea nayo. Kilo chache alizoomba mu barua ya 1969 njo zinanisumbua.

Lotus ilirudi nyumbani bila kukimbia. Zilibaki mbio tatu kisha Italia, na Ickx alikuwa na pointi 19. Akashinda Canada, akafika 28. Kushinda mbili za mwisho kungemupa 46, pointi moja juu ya mufu. Lakini tarehe 4 mwezi wa kumi, kule Watkins Glen, Ickx alipata nafasi ya ine tu, na mushindi akawa kijana wa Brazil aliyekuwa bado mugeni mu Lotus, Emerson Fittipaldi, ndani ya 72. Ni vile timu ya Rindt ilimulindia taji. Ickx amesema mara mingi kama hakutaka kumushinda mutu asiyeweza tena kujitetea, na kwa tabia yake namuamini.

Lotus 72, na chuma za freni zilizokazwa, iliendelea kukimbia mpaka 1975, ikamupa Fittipaldi ubingwa wa 1972. Rindt alizikwa Graz, mu muji uliomulea. Mwezi wa kumi na moja 1970, mu Paris, kikombe cha ubingwa wa dunia kilitolewa na Jackie Stewart, bingwa wa 1969 na jirani yao mu Uswisi. Aliyekipokea ni Nina.